Sura ya Sita: Magadi

Kwenye kreta ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoka lava isiyofanana na nyingine yoyote inayotoka duniani leo. Ni nyeusi tii, na ni nyepesi kiasi kwamba hutiririka kama maji yaliyomwagika sakafuni. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, hivyo mchana wa jua wekundu wake hauonekani kabisa; usiku ndipo unapoonekana, nao ni hafifu. Ikishapoa haikai na rangi yake. Saa chache tu zikipita, au siku chache kukiwa kukavu, huanza kuwa ya kijivu, halafu nyeupe pe, na mtu anayeutazama mlima kutoka bondeni anaweza kudhani kileleni kuna theluji.

Mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona lava hiyo mwaka 1960, na mwaka 1962 akachapisha matokeo ya uchunguzi wake katika jarida la Nature. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamebishana kwa miaka mingi kama kabonati inaweza kupanda kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka kwa moto, kwa sababu lava zote walizozijua zilikuwa za silika, yaani mwamba wa jamii ya mchanga. Lengai ilimaliza ubishi. Kilichokuwa kinatiririka pale kilikuwa kwa sehemu kubwa kabonati ya sodiamu, kitu kilekile ambacho mama ntilie wa Moshi hukitia kwenye sufuria ya maharage. Mlima ule unatapika magadi.

Katika lava hiyo kuna madini mawili makuu. Moja ni gregoriti, lililopewa jina la John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa mwaka 1893. La pili ni nyerereiti, lenye jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ningependa kila mtoto wa shule Tanzania alijue hili la pili, si kwa sababu ya heshima peke yake, bali kwa sababu fuwele ya nyerereiti imebeba somo zima la sura hii. Ndani yake kabonati imeshikana na metali mbili kwa pamoja, sodiamu na kalsiamu, na ukielewa jinsi metali hizo zinavyotofautiana utaelewa kwa nini maharage yanalainika, kwa nini ziwa linakuwa la magadi badala ya chumvi, na kwa nini meno ya watu wengi wa Arusha yana madoa ya kahawia.

Tuanze na kabonati yenyewe. Ni atomu moja ya kaboni iliyozungukwa na atomu tatu za oksijeni, na kundi hilo zima lina chaji hasi mbili. Haliwezi kukaa peke yake. Lazima lipate metali yenye chaji chanya ya kulisawazisha. Likikutana na kalsiamu, ambayo ina chaji chanya mbili, wanashikana kwa nguvu na kuwa jiwe: chokaa ya mlimani, marumaru, ganda la yai, kome, matumbawe yaliyojengewa nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Likikutana na sodiamu, ambayo ina chaji moja tu, inabidi zije sodiamu mbili, na kila moja inashika kwa ulegevu. Hayo ndiyo magadi. Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha zaidi ya gramu 200 za kabonati ya sodiamu, lakini ya kabonati ya kalsiamu haifikishi hata gramu 0.02. Tofauti ni zaidi ya mara elfu kumi, na kabonati ni ileile. Mvua imezipiga nyumba za Lamu kwa karne nyingi na bado zimesimama. Nyumba ya magadi isingemaliza masika moja.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye moto. Ukilichoma jiwe la chokaa hadi kukaribia nyuzi 900, linatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa ya moto, kama wachomaji wa pwani wanavyofanya kwenye matanuu yao. Magadi makavu hayafanyi hivyo. Kwa nyuzi 851 yanayeyuka na kuwa kimiminika cheupe, huku yakiwa yameishikilia karibu hewa yake yote. Ndiyo maana kabonati ya sodiamu inaweza kuwa lava. Na yakichanganyika na kabonati nyingine, za potasiamu na kalsiamu, pamoja na kloridi na floraidi kidogo, kiwango cha kuyeyuka kinashuka zaidi, hadi kufikia kile tunachokiona Lengai.

Majini, ule ulegevu wa sodiamu unaiacha kabonati huru, na kabonati iliyo huru haitulii. Inanyang'anya maji hidrojeni na kugeuka bikabonati, na kinachobaki katika maji ni haidroksidi, ile inayofanya alikali iwe alikali. Gramu moja tu ya kabonati ya sodiamu katika lita ya maji inatosha kupandisha kipimo cha pH hadi karibu 11. Ukitumbukiza vidole unahisi utelezi. Utelezi huo kwa sehemu unatoka kwako wewe mwenyewe, kwa maana mafuta ya ngozi yako yameanza kugeuka sabuni.

Kuna jaribio dogo ambalo napenda kulipendekeza kwa walimu kwa sababu halihitaji maabara. Yeyusha kijiko cha magadi katika glasi ya maji, uyaache yatuame, kisha umimine yale maangavu kwenye glasi nyingine. Kamulia ndimu humo tone moja moja huku ukikoroga. Wanafunzi wanatarajia povu mara moja, lakini matone ya mwanzo yanapotea kimya. Tindikali ya ndimu inaipa kabonati hidrojeni ya kwanza, na kabonati inageuka bikabonati bila kutoa chochote. Endelea kukamua. Kabonati ikishakwisha, tindikali inaigeukia bikabonati, inaipa hidrojeni ya pili, na hapo hewa ya ukaa inatoka kwa kishindo. Ukitumia bikabonati ya dukani, ile ya kuumulia maandazi, povu linaanza tangu tone la kwanza. Hiyo ni njia rahisi ya kuzitofautisha chumvi hizi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku, na zisichanganywe: ile ya maandazi ni laini kwa tumbo, magadi ni makali.

Sasa liingie lile jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Sodiamu, kalsiamu na kabonati zikikutana katika maji, kabonati inaiacha sodiamu na kwenda kwa kalsiamu, na mara nyingi wanashuka chini wakiwa unga mweupe. Mvua inaponyesha juu ya lava mpya ya Lengai, ndicho kinachotokea. Sodiamu inayeyuka na kwenda na maji. Kalsiamu inabaki na kabonati, na nyerereiti inageuka hatua kwa hatua kuwa kalisiti, madini ya chokaa. Kwa hiyo lava ya zamani ya mlima huo huo imebaki chokaa tu, na baadhi ya wanajiolojia wanajiuliza kama volkano nyingine za kale zenye miamba ya kabonati ya kalsiamu nazo ziliwahi kuwa na sodiamu iliyosombwa na mvua zamani mno.

Lakini magadi ya maziwa hayatoki Lengai peke yake, na wala hayahitaji volkano ya ajabu namna hiyo. Miamba mingi ya kawaida ya kivolkano katika Bonde la Ufa ina sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Mvua inapita hewani, inachukua hewa ya ukaa, inakuwa tindikali hafifu, inailamba miamba hiyo kwa maelfu ya miaka na kuondoka na sodiamu, kalsiamu kidogo na bikabonati nyingi. Mito na chemchemi zinateremka hadi shimo lisilo na njia ya kutokea. Jua linakausha. Maji yanapopungua, kalsiamu na kabonati zinakutana na kuzama kwanza. Hapo ndipo hatima ya ziwa inapoamuliwa: kama kalsiamu ilikuwa nyingi kuliko kabonati, kabonati inakwisha yote na ziwa linabaki la chumvi ya kloridi, kama chumvi ya mezani. Kama kabonati ilikuwa nyingi, kalsiamu ndiyo inayokwisha, na kabonati iliyobaki haina mwenzi isipokuwa sodiamu. Bahari ina kalsiamu nyingi kuliko kabonati yake, na ndiyo maana wakaushaji chumvi wa Bagamoyo na Ungwana hawapati magadi. Ziwa Magadi na Ziwa Natron yameangukia upande wa pili.

Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado, liko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na sehemu yake kubwa si ziwa la maji. Ni tabaka nene la fuwele liitwalo trona, ambamo kabonati ya sodiamu, bikabonati ya sodiamu na maji vimefungamana. Chemchemi za moto zinazolilisha pembezoni hufikia nyuzi 86. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, reli ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani, na tangu hapo kazi haijabadilika sana katika msingi wake: mtambo unaoelea unakata trona, inasagwa, inasukumwa kwa bomba pamoja na maji ya ziwa hadi kiwandani, inasafishwa na kuokwa. Tanuri linafukuza maji na kuigeuza bikabonati kuwa kabonati. Kilo 100 za trona safi hutoa kilo 70 za magadi ya kiwandani, na 30 zilizobaki zinapaa zikiwa mvuke na hewa ya ukaa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 kiwanda kiko chini ya Tata Chemicals ya India, na mzigo unatoka kupitia Mombasa.

Katika maji hayo wamo samaki. Perege mdogo wa Magadi, Alcolapia grahami, anaishi kwenye vidimbwi vya chemchemi ambako joto hupita nyuzi 40 na pH hukaribia 10. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili wake kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji yenye alikali kali amonia haitoki. Ingebaki ndani na kumuua. Perege huyu amepata njia nyingine. Anaigeuza amonia yote kuwa urea, kama tufanyavyo binadamu, jambo ambalo karibu hakuna samaki mwingine wa mifupa anayelifanya kwa ukamilifu huo. Mwili wake mzima umejipanga upya kwa sababu ya ile kabonati isiyotulia.

Wengine kabonati hiyo ni chakula chao. Mimea na vijidudu vya majini hujenga miili yao kwa kaboni, na ziwa la magadi lina kaboni iliyoyeyuka nyingi kuliko ziwa lolote la maji baridi. Kijidudu cha kijani kiitwacho spirulina hushamiri humo, na heroe wadogo humla kwa mamilioni. Wekundu wa manyoya yao hutokana na chakula hicho. Wanakuja kutaga Natron, kwenye visiwa vya matope ya magadi katikati ya ziwa, kwa sababu fisi na bweha hawawezi kuvuka matope yanayochoma miguu. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa pale.

Tukirudi jikoni, kanuni ni ileile. Kinachofanya maharage yawe magumu ni pektini, gundi inayounganisha seli za mbegu, na pektini inakazwa na kalsiamu. Magadi yakiingia sufuriani, kabonati inaichota kalsiamu kutoka kwenye gundi, na wakati huohuo alikali inaikatakata pektini yenyewe. Maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani, ambayo yangemaliza mkaa wa siku nzima, yanaiva mapema. Makande na mlenda hufaidika vivyo hivyo. Kisamvu na kunde hubaki kijani kibichi kwa sababu nyingine: katika tindikali, klorofili hupoteza atomu yake ya magnesiamu na kufifia kuwa rangi ya zeituni iliyooza, na magadi huizuia tindikali hiyo. Hasara yake ni kwamba alikali huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya faida kubwa za maharage, na vitamini C ya mboga. Anayepika kwa magadi ananunua muda na kuni kwa vitamini. Kwa nyumba isiyo na kuni za kutosha huo ni uamuzi wa busara kabisa, na sipendi kusikia wataalamu wa lishe wakiwakaripia kina mama juu yake bila kuuliza gunia la mkaa ni bei gani.

Mtumiaji wa ugoro naye anategemea alikali hiyo hiyo: nikotini ya tumbaku imefungwa na tindikali za jani, magadi huifungua, nayo hupenya utando wa pua haraka zaidi. Na dobi wa maji magumu akitia magadi kabla ya sabuni, kalsiamu ya maji hushuka kama unga, na sabuni, ambayo ingeharibika kwa kugandana na kalsiamu, inabaki kufua nguo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya magadi duniani haiendi jikoni wala kwa dobi, bali hutengeneza kioo. Mchanga peke yake huyeyuka kwa nyuzi karibu 1,700, joto ambalo tanuri la kawaida haliwezi. Ukitia magadi, joto linalohitajika hushuka kwa mamia ya nyuzi. Tatizo ni kwamba kioo cha mchanga na magadi pekee huyeyuka majini, maana sodiamu hailindi kitu. Dawa ni kuongeza chokaa. Kalsiamu inakaza kile ambacho sodiamu imelegeza, na hapo unapata chupa na dirisha.

Wamisri wa kale walichukua natroni kutoka bonde la Wadi Natrun, wakakaushia maiti na kuyeyushia kioo. Ulaya ya karne ya 18 haikuwa na ziwa la namna hiyo. Ilikuwa na chumvi na mawe ya chokaa, yaani sodiamu upande mmoja na kabonati upande mwingine, na kilio cha viwanda kilikuwa kuvibadilisha viachane na kuoana upya. Kwa maji haiwezekani, kwa sababu tumeshaona kabonati inakopendelea. Nicolas Leblanc, Mfaransa, alilazimisha kwa moto, mkaa na tindikali ya salfa, akapewa hataza mwaka 1791. Mapinduzi yakamnyang'anya kiwanda chake, na mwaka 1806 akajiua. Njia yake ilienea Uingereza ikamwaga mvuke wa tindikali ya kloridi juu ya mashamba na miti, hata Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuudhibiti mwaka 1863. Ernest Solvay wa Ubelgiji alipata njia bora mwaka 1861: kwa kutumia amonia, aliifanya bikabonati ya sodiamu iwe ndiyo chumvi isiyoyeyuka vizuri, ikashuka yenyewe. Mtambo mzima wa Solvay, pamoja na minara yake yote, unafanya kazi ambayo Ziwa Magadi linafanya kwa mvua na jua.

Ndiyo sababu maziwa haya yanatamaniwa. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Tanzania, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, ilipanga na Tata kiwanda cha magadi Ziwa Natron, eneo ambalo limo katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar tangu 2001. Wahifadhi walipinga vikali, na mwaka 2008 Tata ilijitoa. Baadaye macho yaligeukia bonde la Engaruka, kusini mwa ziwa, ambako maji ya magadi yako chini ya ardhi. Naamini huo ndio uamuzi sahihi. Nchi inayoagiza magadi ya viwandani kutoka nje ilhali ina bonde zima la magadi ina haki ya kuyachimba, lakini viota vya Natron havina mbadala, na kisiwa cha matope kikifunikwa au kuunganishwa na nchi kavu kwa sababu mtu amebadilisha kina cha maji, heroe hawana pa kwenda.

Liko jambo la mwisho, nalo linagusa miili ya watu. Katika maji mengi duniani floraidi hukamatwa na kalsiamu, kwa kuwa floraidi ya kalsiamu haiyeyuki vizuri. Katika Bonde la Ufa kabonati imeshaimaliza kalsiamu. Floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano inabaki ikielea majini, na ziwa likikauka inanaswa ndani ya trona. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru huzidi hapo kwa mbali, na utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba magadi ya kupikia nayo huchangia madoa ya meno, hata katika sehemu ambazo maji yake hayana tatizo. Kiasi cha floraidi hutofautiana jiwe kwa jiwe, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukitambua sokoni. Anayedhurika zaidi ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka minane hivi. Baada ya hapo doa likishaingia halitoki.

Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, huchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa ni fosfati ya kalsiamu, na floraidi inapopita inaikuta ile kalsiamu iliyoikosa mtoni. Kwa chakula cha mtoto kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kuyaacha magadi: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Maji ya mvua hayana kalsiamu ya kuikaza pektini, kwa hiyo maharage yanalainika mapema, na hayana floraidi. Nyanya na ndimu zitiwe maharage yakishaiva, kwa sababu tindikali ikiingia mapema huifanya pektini kuwa ngumu tena.